Mrema: kura milioni 1.8 mwaka 1995, elfu 84 mwaka 2005. Alianguka au aliangushwa?

Daladala ya Mwisho
Wakuu salama. Juzi nilikuwa msibani, wazee wamejikusanya pembeni na kahawa yao wanakumbushana uchaguzi wa 1995, baba mdogo akatamba kwamba na yeye ni mmoja wa waliosukuma gari la Mrema pale Dar. Mi nikauliza, kwani lilikuwa limezima? Walinicheka mpaka nikajuta. Kumbe gari zima kabisa, watu tu hawakutaka litembee kwa injini wakati wao wapo.

Mi ni mtoto wa miaka ya 90. Augustino Lyatonga Mrema ninayemjua mimi ni yule mzee wa chama cha TLP, na baadaye yule wa Bodi ya Parole, ile inayoangalia wafungwa watoke kabla ya muda. Nikaenda kutafuta namba zake za urais nikabaki nimeduwaa. 1995 alipata kura 1,808,616, asilimia 27.77. Mwaka 2000 asilimia 7.80. Mwaka 2005 kura 84,901, asilimia 0.75. Mtu yule yule, jina lile lile, miaka kumi tu.

Waliokuwepo naomba mniambie, nini kilitokea? Majibu ya "siasa ni mchezo mchafu" sitaki, hayo nimeshapewa msibani.

Kijana wa 2001
Naweka kiti hapa. Wahenga shukeni.

Mtu wa Himo
Aliangushwa mkuu, na mimi naongea kama mtu wa Vunjo, sijaambiwa. Mzee kazaliwa Kiraracha, Marangu, 1944, kaanza kama mwalimu, hakuwa mtoto wa kigogo. Mzee Mwinyi alipompa Mambo ya Ndani mwaka 1990 nchi nzima ikajua kuna waziri. Ujambazi ulikuwa umeshika miji, akaanzisha sungusungu, akahimiza watu wachange matofali wajenge vituo vidogo vya polisi mitaani, akaenda mwenyewe uwanja wa ndege kuzuia dhahabu isitoroshwe. Waziri gani leo anafanya hivyo bila kamera kumi nyuma yake? Akapewa na unaibu waziri mkuu, wa kwanza nchi hii. Baadae wakubwa wakaona anawafikia wao wenyewe, wakamfukuza Mambo ya Ndani, akaenda upinzani. Sasa mtu kama huyo unadhani sistimu ingemwacha? Walimpandikizia watu ndani ya NCCR-Mageuzi, chama alichohamia, kikavurugwa. Mengine yote ni porojo.

Chumvi ya Uvinza
Kila kitu "walimpandikizia". Hivi huyo mpandaji hachoki? Mrema alikaribishwa NCCR, Marando aliyekuwa mwenyekiti akampisha kiti, mwenyewe akashuka kuwa katibu mkuu. Fikiria hilo jambo, mtu kakijenga chama toka enzi za kamati za kudai mageuzi, anakuja mgeni aliyekuwa waziri wa polisi jana tu, unampa kiti. Halafu miaka miwili haijaisha chama kiko mahakamani. Mgeni njoo mwenyeji apone, hapa mwenyeji alikufa. NCCR walikuwa na wabunge 16 wa kuchaguliwa 1995, na viti maalum wakafika 19. Nani aliwamaliza kama si ubabe wa mtu mmoja?

Sheria Mkononi
Uzi huu naupa siku saba uwe umepata jibu, la sivyo nitachukua hatua 😂😂

Karani wa Zamu
^^ hahaha wa 2000 hawajaelewa hapo

Kijana wa 2001
Kweli sijaelewa, fafanueni basi, siku saba ndo nini?

Mwalimu Mstaafu
Kijana wa 2001, siku saba ilikuwa ndiyo saini yake. Akipelekewa malalamiko anatoa amri, nakupa siku saba. Awe afisa, awe tajiri, awe mume aliyetelekeza watoto. Watu wakawa wanaitania mpaka kwenye vilabu vya pombe, ukimkopa mtu anakwambia nakupa siku saba za Mrema.

Sasa nimrekebishe kidogo Mtu wa Himo, maana anaongea kwa mahaba, na mahaba hayana tarehe. Kwanza, si naibu waziri mkuu wa kwanza. Salim Ahmed Salim alishika cheo hicho kabla yake, miaka ya themanini, kabla hajaenda OAU, umoja wa nchi za Afrika. Mrema ni wa pili, wa tatu ni Biteko aliyeteuliwa 2023. Na cheo chenyewe hakimo kwenye Katiba, ni Rais tu akipenda anakitoa. Pili, hakufukuzwa akiwa Mambo ya Ndani. Desemba 1994 Mwinyi alipanga upya baraza, Malecela akatoka uwaziri mkuu akaingia Msuya, Mrema akahamishiwa Kazi na Maendeleo ya Vijana. Huko ndiko alikosimama bungeni kuibana serikali aliyomo yeye mwenyewe kwenye sakata la mfanyabiashara Chavda na mashamba ya mkonge ya Tanga, na hapo ndipo uwaziri ulipokwisha, mapema 1995. Akarudisha kadi ya CCM, akaenda NCCR.

Tatu, sungusungu hakuanzisha yeye. Hilo waje wenyewe walisemee.

Ngosha wa Kahama
Tumekuja mwalimu. Sungusungu ni ya huku, Unyamwezini na Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 80, watu walichoka kuibiwa ng'ombe wakajipanga wenyewe na pinde zao na filimbi, serikali ikatukuta tunaendelea. Mrema alichofanya ni kuichukua akaipeleka mjini, Dar na kwingineko. Ikafika mjini ikageuka kitu kingine, vijana na virungu wanakuuliza saa nne usiku unatoka wapi. Mtu wa Himo usituibie na hiyo, dhahabu mmeshachukua 😀

Mtu wa Himo
Sawa nimekubali masahihisho, nilikuwa naandika kwenye basi. Ila hoja yangu iko palepale.

bintiTandika
Mi nina la kusema hapa ila ni refu nivumilieni. Mama yangu alikuwa na watoto watatu, mimi wa mwisho nipo mgongoni, baba akaondoka akaenda kuishi na mwanamke mwingine, mshahara wake anapokea yeye kwetu hakiji hata kilo ya unga. Mama kazunguka ofisi zote, ustawi wa jamii wapi, kazini kwa baba wapi, kila mahali njoo kesho njoo keshokutwa. Jirani akamwambia nenda kwa Mrema. Anasema aliondoka nyumbani alfajiri akakuta foleni ya wanawake imeshajaa, wengine wametoka mikoani na vifurushi, wengine na watoto wanalia, anasema ilikuwa kama kliniki. Alipofika zamu yake mzee alisikiliza kama dakika tano tu, akauliza anafanya kazi wapi, akaandika kikaratasi. Mwezi ule ule baba akaanza kukatwa mshahara. Mpaka leo mama anakitaja kile kikaratasi utadhani ni hati ya nyumba.

Kwahiyo mnaposema mbabe mimi sikatai, ila ubabe ule umenisomesha mimi. Na 1996 kwenye uchaguzi mdogo wa ubunge hapa Temeke mama alipanga foleni tena, safari hii ya kumpigia kura.

Kipanga Mweusi
Dada bintiTandika pole na hongera kwa mama. Lakini hebu geuza upande wa pili. Waziri wa Mambo ya Ndani anaamua kesi za ndoa kwa kikaratasi, mahakama ipo, sheria ipo, hakimu analipwa mshahara. Baba yako alisikilizwa? Mimi mzee wangu alikuwa na duka la vipuri, aligombana na mpangaji wake, mpangaji akaenda kulalamika huko juu, siku ya nne polisi wako dukani, hakuna karatasi ya mahakama wala nini. Amri imetoka juu. Ile kesi baadae alishinda mahakamani lakini duka lilikuwa limeshafungwa miezi nane. Kwetu sisi Mrema ni jina la duka lililofungwa.

Na ndo maana mi nasema hakuangushwa na mtu. Nguvu yake ilikuwa ile ofisi. Mtu wa amri akikosa wa kumtuma anabaki na sauti tu. NCCR hakukuwa na polisi wa kutumwa ndani ya siku saba, kulikuwa na wanasheria na wasomi wabishi, Marando, Lamwai, kila mmoja anajua katiba ya chama kuliko mwenyekiti. Angewaamrishaje?

bintiTandika
Baba alisikilizwa sana, alisikilizwa miaka miwili na kila ofisi, ndo maana tulilala njaa.

Karani wa Zamu
Hapo umepiga penyewe dada 🔥

Mnazi Mmoja 95
Nimeusoma uzi wote naona mnarukaruka kiini. Kura. Uchaguzi wenyewe ulikuwaje? 29 Oktoba 1995, Dar. Kituo chetu vifaa vilifika mchana, karatasi za kura nyingine zipo nyingine hazipo, watu tumesimama juani tangu saa kumi na mbili, wengine wamekuja na mikeka. Nilipiga kura jioni na taa ya chemli. Kesho yake tunasikia uchaguzi wa Dar wote umefutwa, majimbo yote saba, utarudiwa 19 Novemba. Wapinzani wakasema huo si uchaguzi tena, wakajitoa. Mji ambao watu walikuwa wanasukuma gari, ndio huo uliorudiwa wakati mwenye gari ameshajitoa. Halafu mnauliza aliangushwa na nani.

Ngosha wa Kahama
Mnazi nakuelewa ila hesabu inakukataa. Mkapa alipata 4,026,422. Toa za Mrema hapo, pengo ni milioni 2.2 na kitu. Sensa ya 1988 Dar nzima ilikuwa na watu milioni 1.36, na vichanga humo humo. Hata ungempa Mrema kila mtu wa Dar na mbuzi wao haifiki. Alishindwa huku kwetu. Kanda ya Ziwa kura za upinzani aligawana na Cheyo wa UDP, na vijijini kwetu CCM ilikuwa ndiyo balozi wa nyumba kumi, ndiyo ghala la pamba, ndiyo kila kitu. Gari la kusukumwa halikufika huku, barabara zenyewe unazijua.

Mnazi Mmoja 95
Sijasema angeshinda. Nimesema watu walivunjika moyo. Ni vitu viwili tofauti. Mtu aliyepanga foleni siku nzima halafu anaambiwa kura yake imefutwa, uchaguzi unaofuata anabaki nyumbani kusikiliza mpira.

Ngosha wa Kahama
Hilo nakupa.

Shaba ya Pangani
Mmemsahau Mwalimu. Nyerere mwaka ule alizunguka mikoani mwenyewe kumnadi Mkapa, ambaye kabla ya hapo vijijini hakuna aliyekuwa anamjua. Mrema alikuwa na umati, Mkapa alikuwa na Nyerere. Mimi nilikuwa mkutanoni, mzee alipomaliza kuongea jirani yangu aliyekuja na fulana ya NCCR aliivaa ndani nje 😂

Kijana wa 2001
Ndani nje maana yake?

Shaba ya Pangani
Maandishi yaangalie tumbo lake.

Mstari wa Kibla
Niongeze jingine ambalo watu wanalikwepa. 1993 zile vurugu za mabucha ya nguruwe Dar, waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa nani? Waislamu wengi walikamatwa kipindi kile, na kuna watu misikitini hawakumsahau. Kwahiyo alivyokuja 1995 kama mkombozi, kuna mitaa ya Kariakoo na Pwani haikumpokea, Lipumba na chama chake cha CUF wakachukua. Siasa za upinzani Tanzania zikaanza na ufa huo, Wachaga huku, Pwani na Pemba kule, kila mtu na chake.

bintiTandika
Mstari wa Kibla mimi Muislamu, mama Muislamu, na Temeke unaijua ilivyo. Tulimchagua 1996, tena CCM walimwaga kila walichonacho. Usitusemee wote.

Mstari wa Kibla
Sikusema wote dada yangu. Nimesema kuna watu. Kwenye familia yako kuna kikaratasi, kwetu hakikufika.

Jirani wa Namanga
Salamu toka Kenya majirani. Nasoma nikifikiria Michuki wetu, waziri wa uchukuzi enzi ya Kibaki. 2004 aliamka akasema kila matatu iwe na mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa njano, na wenye matatu wakagoma, akawaangalia tu. Mpaka leo watu wanaomba afufuke. Lakini yeye hakuwahi kuondoka kwenye serikali eti agombee urais, alizeeka na Kangema yake akiwa waziri. Labda waziri mkali ni kama samaki, mtoe majini uone.

Sheria Mkononi
Jirani umechangia vizuri ila rudi na siku saba zako 😂

Chumvi ya Uvinza
Narudi kwenye NCCR maana naona inapitwapitwa. 1997 Tanga, kikao cha chama kiliishia kwa ngumi. Ngumi kweli, si mafumbo. Vyombo vya habari viliandika wiki nzima, CCM hawakuhitaji hata kufanya mikutano, walikuwa wananunua magazeti wanasoma na chai. Ugomvi ulikuwa nani msemaji wa chama, nani anashika hela, maana ruzuku ilikuwa imeanza kuwa kitu kikubwa na chama chenye wabunge wengi kinapata nyingi. 1999 Mrema akaondoka na watu wake akaenda TLP. Huko nako wenye chama hawakuchelewa kulalamika. Sasa nyumba mbili zote unagombana na wenye nyumba, tatizo liko kwa nani?

Mtu wa Himo
Tatizo liko kwa wenye nyumba wanaokukaribisha kwa sababu ya kuku zako halafu wanataka kuku wabaki wewe uondoke.

Karani wa Zamu
😂😂😂 Huyu mangi kaamka

Kipanga Mweusi
Kwani na wale watu waliosema yeye mwenyewe ndiye alikuwa pandikizi? Hiyo nayo ilivuma sana, kwamba katumwa kuivuruga NCCR toka ndani.

Mwalimu Mstaafu
Ilivuma, na Mtu wa Himo hapo juu kasema mapandikizi walikuwa wale wengine. Ukizijumlisha nadharia zenu mbili NCCR nzima ilikuwa haina mwanachama hata mmoja. Leteni ushahidi au tuyaache hayo kwenye vijiwe.

Mimi naona jambo moja la kisheria ambalo hamjaligusa. Tanzania huruhusiwi kugombea bila chama. Mtikila alilipigania hili mahakamani miaka na miaka mpaka Mahakama ya Afrika ikampa haki 2013, na bado. Sasa chukua mtu ambaye wapiga kura wanamtaka yeye, hawana habari na chama, sheria inamlazimisha atafute paa. Mrema maisha yake yote ya upinzani alikuwa mgombea binafsi aliyekodi vyama. Ya kwanza ilikuwa nyumba kubwa yenye wenyewe, ya pili chumba kimoja. Nchi ambayo ingemruhusu asimame peke yake huenda tungeona Mrema mwingine.

Na sheria ile ile inasema ukigombea urais hugombei ubunge. 1995 akaacha Kilimanjaro, ambako NCCR walizoa karibu kila jimbo, yeye mwenyewe akabaki nje ya bunge. Akaingia 1996 kwa mlango wa Temeke, 2000 hakugombea Temeke, akaenda kutafuta urais tena. 2005 hivyo hivyo. Kila baada ya miaka mitano anauza shamba kununua bahati nasibu.

Kijana wa 2001
Mwalimu hapa nimesoma mara mbili. Kula tano.

Sheria Mkononi
Shamba la kihamba hilo, la ukoo wa Kichaga, halafu mangi analiuza? Hapo ndo sijamuelewa Lyatonga.

Mtu wa Himo
Kihamba hakiuzwi wewe. Na ndo maana alirudi. 2010 alipoacha habari za urais akaja Vunjo, akagombea ubunge kwa TLP, tukampa. TLP nchi nzima ilipata jimbo moja, hilo hilo. Kule bungeni akapewa kamati ya hesabu za serikali za mitaa, wakurugenzi wa halmashauri wakawa wanaenda kwake na mafaili wanatetemeka. Siku saba zilirudi kwa muda.

Daladala ya Mwisho
Mtu wa Himo kwahiyo mlimpa kwa sera au kwa heshima ya mzee?

Mtu wa Himo
Kwa vyote. Usiniulize asilimia. Shangazi yangu alimpigia kwa sababu alikuja kwenye mazishi ya babu mwaka 91 akiwa waziri, akakaa kwenye benchi na watu wa kawaida akanywa mbege kwenye kata. Mwingine kwa sababu CCM walimuudhi. Mwingine kwa sababu anatoka Marangu kama yeye. Halafu 2015 tukampa Mbatia, basi.

Chumvi ya Uvinza
Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Chama alichokikimbia 1999 kikaja kumng'oa kijijini kwake. Hapo Mungu ana utani.

Shaba ya Pangani
Ndio mara ya mwisho kugombea hiyo 2015.

Mtu wa Himo
Hapana, 2020 alirudi tena. TLP wakamuunga mkono Magufuli kwenye urais, yeye akabaki na ubunge wa Vunjo. Akashindwa na Kimei wa CCM, yule aliyekuwa bosi wa CRDB.

Kipanga Mweusi
Ndo hapo mimi alinimaliza kabisa. Mtu aliyetikisa CCM 1995 anamaliza safari anaipigia debe CCM.

bintiTandika
Alikuwa na miaka 75 Kipanga, mgonjwa, Magufuli kamkumbuka 2016 akampa uenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole wakati wapinzani wenzake hata simu hawampigii. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Na yeye alimpenda Magufuli kwa sababu alijiona mwenyewe pale. Amri, ghafla, papo hapo, mtendaji anatumbuliwa jukwaani. Magufuli ni Mrema aliyepata ofisi kubwa zaidi.

Karani wa Zamu
Hii comment ifunguliwe uzi wake.

Ngosha wa Kahama
Isifunguliwe, hatutalala 😀

Jirani wa Namanga
Kuna kitu kimenichekesha, mtu aliyeanza kwa kukamata watu akamalizia kwa kuwatoa gerezani.

Mwalimu Mstaafu
Naam. Na alikuwa anazunguka magerezani kweli, analalamika kuhusu msongamano na watu waliofungwa kwa makosa madogo. Bila shaka baadhi ya sheria zilizowajaza humo aliwahi kuzisimamia yeye.

Kipanga Mweusi
Duka la mzee wangu parole yake haikufika lakini.

Mnazi Mmoja 95
Pole mkuu. Lakini naona wote tumesema na hakuna aliyemjibu mleta uzi. Mtu wa Himo anasema sistimu, Chumvi anasema ubabe, Mwalimu anasema sheria, Kibla anasema dini, Shaba anasema Nyerere.

Sheria Mkononi
Na siku saba hazijaisha bado.

Kijana wa 2001
Mi nauliza la kitoto. Mlipomsukumia gari mlikuwa mnampenda yeye au mlikuwa mmeichoka CCM?

Shaba ya Pangani
Swali la kitoto limewashinda watu wazima hapo.

Mnazi Mmoja 95
Mimi nilikuwa nimechoka mgao wa umeme na foleni ya maji. Angekuja yeyote mwenye sauti kubwa ningesukuma. Lakini angekuwa Marando au Cheyo sidhani kama ningesukuma. Kwahiyo sijui.

Mtu wa Himo
Alifariki 21 Agosti 2022 pale Muhimbili, akazikwa kwao Kiraracha. Nilikuwepo. CCM walikuwepo, Chadema walikuwepo, NCCR walikuwepo, kila mtu anasema Mrema ni wetu. Mmama mmoja mzee nyuma yangu akasema kwa Kichaga, leo ndo mmejua.

Daladala ya Mwisho
Asanteni wakuu, nimejifunza zaidi ya nilivyouliza. Nimempigia baba mdogo sasa hivi nikamsomea baadhi ya comment, hasa ile ya Kijana wa 2001. Kwanza kasema gari lilikuwa linaunguruma, dereva hakuzima, moshi wote wa ekzozi walikuwa wanaula wao wa nyuma, na kiatu chake cha kushoto kilibaki barabarani hakukiona tena. Nikamuuliza na kura je, ulimpigia? Akasema tarehe 29 alipiga, ndo zile zilizofutwa. Na tarehe 19 Novemba? Akanyamaza kidogo. Akasema siku hiyo alikuwa kapata kibarua cha kupakia mchanga Kunduchi.

bintiTandika
Kwahiyo kiatu kilihesabika, kura haikuhesabika.

Sheria Mkononi
Mwambie baba mdogo nampa siku saba akitafute.